Koma na Nyimbo za Stoo ya Karatasi

Ukurasa wa arobaini na saba wa kitabu cha ufugaji wa kuku, toleo la pili, nusura utoke na sentensi hii: "Vifaranga wa wiki tatu wapewe maji safi usikate usikate niko bado kwenye laini." Aliyeiandika ni mimi. Miaka ishirini na sita nimepanga kurasa za vitabu, sijawahi kuingiza neno ambalo halimo kwenye mswada, na siku hiyo vidole viliandika wimbo vyenyewe, mimi nimekaa pale pale naviangalia. Koma ndiye aliyelikamata kosa. Alilizungushia wino mwekundu, akaniletea karatasi mezani, akasimama.

"Dada, na kuku nao wamepiga simu?"

Nikamwambia atoke mbele yangu.

Wacha niseme mapema tusije tukadanganyana: mimi ni mtu wa hasira, na nyimbo sizipendi. Sipendi kitu kinachoingia kichwani bila hodi halafu hakitoki hata ukikifukuza. Lakini yaliyompata Koma kwa sababu ya nyimbo zake kumi yaliniudhi kuliko nyimbo zenyewe. Na kwa kuwa siku hizi kila mtu anayasimulia na kuyatia chumvi, mimi niliyekuwapo nitayasimulia yalivyokuwa. Kazi yenyewe pale sina tena, kwa hiyo hakuna wa kunitisha.

Ilikuwa nyumba ya uchapishaji wa vitabu yenye ghorofa moja. Chini kuna mitambo ya kuchapa na stoo ya karatasi, juu kuna ofisi. Meza yangu na ya Koma zilitazamana, katikati yetu kopo la kalamu na rula yangu ya chuma, ambayo kila mtu aliichukua na hakuna aliyeirudisha. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani zile kurasa nilizokwisha kupanga, kabla hazijashuka mtamboni. Akiona kosa anatia alama pembeni kwa wino mwekundu. Kazi yangu mimi ni kutekeleza. Akiandika "kata", nakata. Akiandika "libaki", maana yake hata kama neno linaonekana limekosewa, lisiguswe, na mimi siligusi. Hatukuwa tunaulizana. Kwa miaka kumi na moja nilitii mkono wa yule mwanamke kuliko nilivyomtii marehemu mume wangu, na mume wangu angekuwapo angekubali.

Jina la Koma alikuja nalo kutoka nyumbani. Alilelewa na kaka yake, mwalimu wa lugha, ambaye sasa ni mwalimu mkuu na sote tulimwita Mwalimu. Baba yao alikufa mapema. Mama yao alifariki Koma akiwa na miaka tisa na kaka mtu ana ishirini na miwili, ndiyo kwanza kaajiriwa. Kila jioni alimkalisha mdogo wake mezani akamsomea imla. Mtoto akikimbiza sentensi bila kupumzika, Mwalimu anagonga meza kwa penseli na kusema, "Koma."

"Mpaka leo sijui," Koma aliniambia, "alikuwa ananiambia niweke alama au ninyamaze."

Mimi nadhani hata Mwalimu mwenyewe alikuwa hajui. Ni mtu aliyenyooka kupita kiasi. Ukimwambia "gari amefika" hakujibu mpaka useme "limefika". Siku ya kwanza kuja ofisini kwetu alisoma tangazo la mlangoni, akatoa kalamu mfukoni, akalisahihisha, ndipo akabisha hodi.

Koma aliandika riwaya. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaandika kwa penseli kwenye meza ya jikoni mpaka saa moja, kisha akaja kazini kusoma makosa ya wengine. Riwaya mbili za mwanzo nilizipanga mimi. Ya kwanza inasomwa mashuleni, na Bosi wetu, Mhariri Mkuu, alikuwa akipata mgeni anamwonyesha Koma kwa kidole. "Yule pale ndiye mwandishi wetu," anasema, kama mtu anayeonyesha feni mpya.

Ya tatu ilimchukua miaka sita, na ilikuwa habari ya mama yao.

Mama yao alikuwa opereta wa simu, enzi zile za kuchomeka waya kwa mkono. Mtu akitaka kuongea na mji mwingine anasubiri dakika kumi, wakati mwingine nusu saa, ameshika simu sikioni, hasikii kitu, hajui kama amekatiwa. Basi yule mama akawa anawaimbia. Sauti ya chini, wimbo wa kutunga mwenyewe, ili mtu ajue laini ipo. Watu wakaanza kumwulizia: tupe yule mama anayeimba. Mkubwa wake akachukia. Akamwandikia barua ya onyo kwamba laini ya simu si ukumbi wa dansi na kwamba akome mara moja. Mama akakoma. Aliacha kuimba kazini, na nyumbani pia akaacha, akiosha vyombo kimya, akifua kimya, mpaka alipokufa. Mwalimu alikuwa na miaka kumi na mitano wakati barua ile inakuja, kwa hiyo yeye nyimbo zile alizisikia. Koma alikuwa na miaka miwili. Hakuwahi kumsikia mama yake akiimba hata mstari mmoja, na hilo lilimuuma kama jino.

Ilipofika sura ya mama kuimba, Koma akamwendea kaka yake amkumbushe maneno. Mwalimu akasema amesahau. Akasema hivyo haraka mno, kisha akauliza kama chai imechemka. Koma akarudi akazitunga mwenyewe, kumi, akaziweka kwenye mswada, na zikakataa kukaa.

"Zimelala tu kwenye karatasi," alisema. "Sizisikii."

"Wimbo haulali, umeandikwa," nikamwambia. "Kaa ufanye kazi."

Hakukaa. Ukimjua Koma, ukimwambia kaa ndiyo umemwambia simama. Alikwenda chini kuongea na fundi mtambo, jitu la watu, mpole, ambaye zamani alipiga gitaa la besi kwenye bendi na gitaa bado alikuwa nalo. Fundi ndiye aliyegundua stoo ya karatasi. Ukipiga kelele mle ndani haina mwangwi. Marobota ya karatasi yamepangwa mpaka darini, yanameza kila sauti. Studio za watu zinajengwa kwa gharama kupata ukimya ule, na sisi tulikuwa nao bure, tunafungia vitabu.

Wakarekodi humo saa ya chakula cha mchana na Jumapili baada ya watu kutawanyika. Kompyuta ilikuwa yangu. Usiniulize kwa nini nilikubali. Kulikuwa na maikrofoni moja ya kuazima, wakaining'iniza kwa uzi wa kushonea vitabu. Ngoma hawakuwa nazo. Fundi akawasha mashine ya kukunja karatasi, ile inayokwenda ta-ta-tum, ta-ta-tum kutwa nzima, na juu yake Koma akaimba.

Nilitarajia nyimbo za mwandishi, ndefu, nzito, za kumfanya mtu aangalie saa. Kumbe ni vitu vyepesi, dakika tatu tatu, vinachezeka, na kila kimoja ni simu moja iliyosikika na opereta. Yupo mwanamke anayepiga nyumbani kutoka foleni ya hospitali, namba yake sitini na mbili, wimbo unakwisha wanaita sitini na moja. Yupo mpangaji anayempigia mwenye nyumba kila mwezi kuomba radhi, na ubeti wa tatu anayeomba radhi ni mwenye nyumba. Na upo ule wa kwanza, uliobeba jina la albamu nzima, "Usikate":

Usikate, usikate,
niko bado kwenye laini,
unayemtafuta yuko mbali,
mimi niko sikioni.

Mistari minne basi. Jaribu kuisoma mara mbili halafu uniambie kama umelala nayo au hukulala nayo.

Wimbo wa saba nina kesi nao. Wakati wanaurekodi niliingia stoo kutafuta rula yangu, sikuona kama taa nyekundu ya kompyuta inawaka, nikafoka: "Nani kachukua rula yangu?" Nikadhani wataifuta sauti yangu. Niliposikiliza baadaye, nilikuwamo. Kila kiitikio kikiisha, mashine inanyamaza kidogo, halafu sauti yangu: nani kachukua rula yangu. Mara tatu. Nilimfuata Koma mezani.

"Nitoe humo. Kata."

Akachukua kalamu yake nyekundu, akashika mkono wangu, akaandika kiganjani: libaki.

Nilinuna siku nne. Siku ya tano nikagundua kinyozi wa pale mtaani anaupiga wimbo ule kutwa, na wateja wakifika pale penye sauti yangu wanaitikia kwa pamoja wakiwa na povu shingoni. Nilipita taratibu, hilo ndilo nitakalokiri.

Hakuna aliyezitangaza. Zilitoka simu moja kwenda simu nyingine, na baada ya miezi miwili mji mzima ulikuwa haukati. Muuza vocha anaimba, karani wa benki anaimba. Na watoto wa shule, ndiyo mwanzo wa balaa. Asubuhi moja Mwalimu alisimama mbele ya wanafunzi mia sita mstarini, akawaambia wanyamaze. Wakanyamaza. Katikati ya ule ukimya, nyuma kabisa, mmoja akauliza kwa sauti yangu mimi: nani kachukua rula yangu? Shule nzima ikaangua kicheko, na walimu nao.

Mwalimu alikuja ofisini siku ile ile, bado ana chaki kwenye mkono wa koti. Hakusalimu. Alisimama mbele ya meza ya mdogo wake.

"Nimekusomesha uandike," alisema. "Nimekuvumilia na hizo habari za mama. Sasa unamwanika mama kwa vinyozi?"

"Kaka, zinamhusu mama. Ni kama zile alizo..."

"Koma."

Safari hii hata mimi nilijua haikuwa alama. Aliondoka, na kwa miezi mitatu hakumpokelea simu. Koma alikuwa anapiga saa nne kila siku, anasikiliza ikiita mpaka inakatika, anaweka simu chini, anaendelea na prufu. Nililia chooni siku moja kwa ajili yake, na mimi si mtu wa kulia chooni.

Nadhani Bosi angevumilia nyimbo kama si ile kamati inayochagua vitabu vya shule. Mjumbe mmoja alimwuliza, kwenye mkutano, mbele za watu, kama siku hizi nyumba yetu inachapa vitabu au inapiga muziki. Bosi akarudi amevimba. Alimwita Koma, na mimi akaniita kama shahidi.

Riwaya ya tatu wakati huo nilikwisha kuipanga yote. Ilibaki dibaji tu.

"Dibaji nimekuandikia mimi," Bosi alisema, akasukuma karatasi moja mezani. "Itatoka na sahihi yako. Kaka yako nimeongea naye, ameiona, ameridhika. Atakuja kwenye uzinduzi na atakaa kiti cha mbele."

Koma alisoma. Nikasoma juu ya bega lake. Kulikuwa na shukrani aya mbili, zikafuatiwa na hii, naikumbuka neno kwa neno: "Naahidi kuacha kuimba. Siwezi kuwa mwandishi na mwimbaji kwa pamoja. Ni heshima kubwa kwangu." Hilo la mwisho aliliweka kwa urembo tu. Bosi alipenda kumalizia mambo na heshima kubwa.

"Na nisipoiweka?"

"Mkataba unasema mswada ni wa nyumba hii. Utakaa kabatini. Unalijua kabati."

Tulilijua. Kuna miswada imeingia mle kabla mimi sijaajiriwa na haijatoka.

"Usibadili hata neno moja," Bosi alisema.

"Hata moja?"

"Hata moja. Maneno ni yangu."

"Na alama?"

Bosi alikuwa tayari ameshika simu yake. "Alama ni kazi yako," alisema, "mimi najua alama?"

Tulirudi mezani. Koma alikaa na ile karatasi mbele yake, mikono chini. Mimi nilikuwa nachemka. Nilimwambia amtupie usoni, nikamwambia twende zetu, nikamwambia maneno mengine ambayo siyaandiki hapa.

"Nikikataa, mama hatoki," alisema. "Atakaa kabatini mpaka karatasi zigeuke njano. Nikikubali, ninamnyamazisha mara ya pili. Safari hii mimi mwenyewe, kwa sahihi yangu." Alisema taratibu kabisa. "Yule mkubwa wake angalau hakuwa mtoto wake."

Nikasogeza kopo la kalamu upande wake kwa sababu mikono ilihitaji kufanya kitu.

Akaichukua ile nyekundu. Nilidhani anasaini. Akaisoma dibaji tangu juu kama anavyosoma kazi ya mtu yeyote, kidole chini ya kila neno, midomo ikitikisika kidogo. Alipofika aya ya mwisho akaweka mkia mdogo baada ya neno la kwanza. Akafuta nukta. Akashusha herufi kubwa. Akaweka nukta mahali pengine, akapandisha herufi, akafuta nukta ya pili, akashusha herufi nyingine. Haikuchukua dakika moja. Akanisukumia.

Nilitekeleza. Ndiyo kazi yangu. Lakini nilipomaliza nikasoma kwenye kioo cha kompyuta mara mbili, kwa maana maneno yalikuwa yale yale kumi na manne, kwa mpangilio ule ule, na sasa yalisema hivi:

"Naahidi, kuacha kuimba siwezi. Kuwa mwandishi na mwimbaji kwa pamoja ni heshima kubwa kwangu."

"Atatufukuza," nikamwambia.

"Akisoma, atarudisha. Nitampa nafasi asome."

Na alimpa, asije mtu akasema alimvizia. Alimpelekea prufu ya mwisho mkononi, mimi nikiwa mlangoni. Bosi akafungua ukurasa wa kusaini. Hapo inabidi niseme jambo ambalo kila mtu pale ndani alilijua na hakuna aliyelitamka: Bosi alikuwa hasomi. Anapiga sahihi, ananusa gundi, anasifia jalada.

"Umesoma dibaji, Bosi?" Koma aliuliza.

"Nimesoma."

"Nimetia alama. Ungeiangalia tena."

"Nimeiandika mimi, niiangalie nini?"

"Nakuomba uiangalie."

"Dada, nimesoma," Bosi alisema, akapiga sahihi.

Fundi mtambo akachapa nakala elfu tatu. Wiki mbili zile, kila nikisikia viatu vya Bosi kwenye ngazi, nilikuwa nakusanya vitu vyangu mezani, kwanza rula. Koma alikuwa anasoma prufu na kupiga ile simu yake ya saa nne. Haikupokelewa. Vitabu vilianza kwenda madukani, na Bosi bado anasifia jalada.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa maktaba. Viti vya plastiki, meza yenye kitambaa, maji ya chupa. Walikuja walimu, wale wajumbe wa kamati, wasomaji wake wa zamani, na nyuma kabisa yule kinyozi na watu wake, wamenyolewa vizuri. Mwalimu alikaa mbele kama alivyoahidi. Alimpa mdogo wake mkono kama anayempa mgeni, akakaa, akaweka miwani kwenye mfuko wa shati.

Bosi alisimama. Alisema mengi kuhusu fasihi. Kisha akasema yamesemwa mengi mitaani kuhusu mwandishi wetu, na jibu amelitoa mwenyewe kwa mkono wake, naye angependa kulisoma ili wote wasikie, hasa wajumbe wa kamati. Akafungua kitabu kwenye dibaji. Nilimtazama Koma. Alikuwa amekunja mikono mapajani, uso mkavu.

Bosi ana sauti nzuri, hilo simnyimi. Alisoma shukrani, akafika aya ya mwisho, akainua kidole.

"Naahidi," akasoma, akapumzika pale penye alama kama anavyotakiwa, "kuacha kuimba siwezi."

Maneno yalikwisha kumtoka. Na ulimi ukishashika mteremko hauna breki, kwa hiyo akaendelea: "Kuwa mwandishi na mwimbaji kwa pamoja ni heshima kubwa kwangu."

Kule nyuma mtu mmoja akacheka, halafu wote. Bosi aligeuza ukurasa akatazama upande wa pili. Akarudi. Shingo yake ilikuwa inapanda rangi.

"Hii," alisema, "ni makosa ya chapa."

Hapo ndipo niliposimama. Sikupanga kusimama. Miguu ilifanya kama vile vidole vilivyofanya siku ya kuku.

"Si makosa ya chapa," nikasema. "Ukurasa huo nimeupanga mimi, na mimi makosa ya chapa sina."

Watu wa kinyozi waliitambua sauti. Nikasikia wananong'ona: rula, rula. Nikawakazia macho wakanyamaza.

Koma naye akasimama. "Bosi, uliniambia nisiguse hata neno moja. Hesabu. Yako kumi na manne, yale yale uliyoyaandika. Nimetia alama tu, na ulisema alama ni kazi yangu." Akawageukia watu. "Mama yangu aliandikiwa barua akome, akakoma. Sikuwahi kumsikia. Mimi pia nimeandikiwa nikome, na koma nimeiweka. Ipo hapo, baada ya neno la kwanza. Wimbo siufuti hata mmoja, na kitabu kisomeni."

Akakaa.

"Jumatatu msije," Bosi alituambia mimi na Koma, kwa sauti ya chini ambayo maikrofoni iliibeba mpaka nje.

"Tuko watatu, Bosi," fundi mtambo alisema kutoka ukutani alipoegemea. "Besi nilipiga mimi."

Nilikuwa sijali tena. Nilikuwa namwangalia Mwalimu. Katika kelele zote zile hakugeuka wala hakucheka. Alikuwa ametoa miwani, ameivaa, kitabu kiko magotini, ameinama juu ya ukurasa ule. Aliusoma kwa kidole, neno kwa neno, kama mdogo wake anavyosoma. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kidole kikasimama baada ya neno la kwanza na kikakaa pale muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatikisika, na mara ya kwanza nilidhani anarudia dibaji. Nilikuwa karibu, kiti cha pili nyuma yake, nikainamisha kichwa nisikie. Alikuwa anaimba, kwa sauti ya chini kabisa, kitu ambacho si "Usikate" wala chochote kati ya zile kumi. Nyimbo za albamu ile nazijua zote, nipende nisipende. Huo ulikuwa mwingine, wa zamani. Hakuwa amesahau neno hata moja.

Koma aliusikia. Alijishika mdomo kwa mikono miwili.

Mwalimu akavua miwani, akainuka, akamwangalia mdogo wake mbele ya watu wote wale.

"Koma amekaa mahali pake," alisema.

Nikashtuka. Miaka thelathini anafundisha lugha, hajawahi kukosea ngeli, na alama haisemwi amekaa, inasemwa imekaa. Mkono wangu ulishaanza kutafuta kalamu nyekundu. Kisha nikaona anayemtazama ni nani. Libaki, nikasema moyoni, na sikuligusa.